Vichwa vya Ng'ambo ya Reli

Kwa miaka mitano Gamaliel Mwanza alipiga mashini bajeti ya sité ya Kamina, mji wa Waafrika katika Kongo ya Wabelgiji, bila kuisoma. Aliipiga vizuri, kurasa kumi na moja, nakala nne, hakuna kosa. Ila aliipita kama mtu anavyopita pori kwa njia ya miguu, macho yakiwa mbele ya vidole vyake tu. Mistari ilikuwa ya Kifaransa, tarakimu zilisimama kwa safu, na kazi yake ilikuwa kuzisimamisha wima.

Hilo lilikuwa jambo la ajabu kwa mtu kama yeye, kwa maana tangu utoto wake kwa Wamethodisti alijulikana kwa maswali. Mwalimu mmoja wa misheni aliwahi kumtoa darasani kwa sababu alitaka kujua chaki inatoka wapi, na alipoambiwa inatoka Ulaya akauliza ni nani huko Ulaya aliyewafikiria wao. Alikua, akaoa, akapata kazi ya ukarani katika ofisi ya sité, na maswali yakapungua. Karani anayeuliza sana hakai.

Mwaka 1951, mwezi wa saba, alikuja ajenti mpya wa Leta, kama walivyoiita serikali, Mbelgiji kijana mwenye miwani, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia sité pamoja na shefu wa wenyeji. Shefu huyo aliitwa Maurice, mtu mnene na mpole, aliyekuwa na washauri wanane. Desturi ilikuwa hivi: kila mwaka ajenti alisoma bajeti kwa Kifaransa, Shefu Maurice aliitikia, washauri waliweka sahihi au kidole gumba, kisha wote wakaenda kula. Ajenti huyu mpya alisoma sheria akakuta imeandikwa kwamba washauri watoe maoni yao. Akamwita Gamaliel, akamwuliza kama watu hawa wanane wanasikia Kifaransa. Gamaliel akajibu kwamba wawili wanasikia kidogo. Ajenti akavua miwani, akaifuta, akamwambia aiandike bajeti yote kwa Kiswahili. Akampa wiki mbili na ruhusa ya kuichukua nyumbani.

Nyumbani alimkuta mkewe, Noémie, aliyefundisha wanawake kushona katika chumba cha kanisa. Kwao mtoto wa kwanza ni Élisa, kwa hiyo waliitana Baba Élisa na Mama Élisa. Alimweleza kazi aliyopewa, naye Noémie akasukuma vitambaa pembeni ili karatasi zipate nafasi mezani.

Maneno ya kwanza hayakuwasumbua. Mapato wakayaita vinavyoingia, matumizi wakayaita vinavyotoka. Walikwama kwenye neno "subside", ambalo lilikuwa na tarakimu kubwa mbele yake. Gamaliel alijua tu kwamba ni pesa inayotoka kwa Leta, kutoka Élisabethville, mji mkuu wa jimbo, na mbali zaidi, kuja kuongeza ile ya sité. Akaandika: zawadi.

"Zawadi habaombake na barua kila mwaka," Noémie alisema. "Tafuta neno ingine."

Akaandika msaada. Noémie akasema msaada hupewa maskini mlangoni, na sité ilikuwa inalipa kodi, haikusimama mlangoni kwa mtu. Walizunguka hapo siku mbili. Mwishowe wakakubaliana kuiita fungu la Leta, kama vile nyama ya mawindo inavyogawanywa na kila mtu akawa na fungu lake.

Kadiri alivyoendelea, ndivyo alivyozidi kushangaa. Alikuta ndani ya karatasi zile vitu alivyovipita kila siku njiani. Mtu aliyewasha taa nne za barabara kubwa alikuwa humo. Wafagiaji wa soko walikuwa humo, na mkunga wa dispansere, yaani zahanati, na saruji ya kisima, na hata kamba ya bendera. Upande wa vinavyoingia alikuta tiketi za soko, bamba za baiskeli, faini za mahakama ya sité. Na juu ya vyote, karibu nusu ya vyote, alikuta bia.

Alihesabu mara mbili. Kila chupa iliyonywewa katika baa za sité iliacha kitu kwa sité, na chupa zilikuwa nyingi, hasa tangu kazi za kujenga Base, kambi kubwa ya jeshi, zilipoanza na vibarua wakawa na mshahara wa kila mwezi. Yeye na Noémie hawakunywa. Kanisa lao halikunywa. Walikuwa wamepiga vita baa ya barabara ya tatu kwa maombi ya wiki nzima.

"Kwa hiyo mukunga aliyenizalisha Élisa," Noémie alisema polepole, "alilipwa na balevi."

Gamaliel hakuwa na uhakika, na kutokuwa na uhakika kulimkera. Kesho yake alimwuliza ajenti waziwazi: pesa ipi humlipa mkunga? Ajenti alionekana kufurahi kuulizwa. Akamweleza kwamba yote huingia chungu kimoja, na faranga ikishaingia haikumbuki imetoka wapi. Ndiyo maana mkunga hawezi kusema analipwa na baiskeli wala na bia, analipwa na sité. Gamaliel alirudi na jibu hilo nyumbani. Noémie akalifikiria, akasema kwamba ni afadhali, ila hakuacha kuitazama ile safu ya bia.

Mkutano wa washauri ulifanyika asubuhi moja ya mwezi wa nane, wakati wa kiangazi, vumbi la mchanga mweupe likiingia chini ya mlango. Gamaliel alisimama akasoma kwa Kiswahili kurasa zote kumi na moja. Ilichukua muda mrefu. Washauri walisikiliza kwa namna ambayo hakuwahi kuiona miaka yote, wameinama mbele, mikono magotini. Aliposoma mshahara wa mkunga, mmoja alitikisa kichwa. Aliposoma bia, wawili walitazamana.

Alipomaliza, Kisimba aliomba neno. Huyu alikuwa mzee aliyelisha makaa ya Luena kwenye tanuri za magari ya moshi kwa miaka ishirini, mpaka kifua kilipokataa. Alikuwa mshauri kwa miaka sita na hakuwahi kusema lolote katika mkutano wa bajeti.

"Baba karani," alisema, "hii fungu ya Leta, nani anaipima? Na anaipima na nini?"

Gamaliel hakujua. Akamgeukia ajenti, akatafsiri. Ajenti akafungua kitabu kinene, akatafuta, akaeleza. Leta hupima kwa vichwa. Watu walioandikwa katika kitabu cha sité ndio wanaohesabiwa; wakiwa wengi, fungu linakuwa kubwa; wakiwa wachache, dogo. Hata mabomba ya maji yalipangwa hivyo: robine moja, yaani bomba la kuchotea, kwa kila watu mia tano walioandikwa katika mtaa.

Kisimba alisubiri tafsiri iishe. "Na ng'ambo ya reli, mu kitabu muko bantu ngapi?"

Gamaliel alifungua kitabu cha wakazi, akatafuta mtaa ule mpya uliokuwa umeota upande wa pili wa reli tangu Base ianze kujengwa. Akapitisha kidole, akapitisha tena. "Makumi sita na tatu, Tata."

Hakuna aliyecheka. Wote walijua mtaa ule, nyumba za udongo zilizobanana mpaka karibu na mto mdogo, zenye waashi, wachimba mitaro, wafua nguo na wauza sombe, majani ya muhogo.

"Leo asubui, mbele nifike hapa," Kisimba alisema, "nilihesabia bamama mia moya ku mayi ya mto. Bamama tu. Batoto sikuhesabu."

Ajenti aliuliza mzee anasema nini. Alipoambiwa, akasema kwamba bajeti itapelekwa Élisabethville mwisho wa mwezi wa tisa. Idadi ikibadilika kabla ya hapo, karatasi zitabadilika. Baada ya hapo, haiwezekani mpaka mwaka mwingine. Akaongeza, bila ubaya, kwamba kwa Leta mtu ambaye hakuandikwa hayupo.

Basi Gamaliel akapewa daftari jipya, na Kisimba akaombwa amsindikize, kwa kuwa sura yake ilijulikana huko. Walivuka reli asubuhi ya Jumatatu. Walipofika nyumba ya kwanza, mlango ulikuwa umefungwa, na moshi wa kupika bukari, yaani ugali, ukitoka juu ya paa. Nyumba ya pili vilevile. Kufika mchana walikuwa wameandika watu saba, na mmoja wao alikuwa kichaa.

Gamaliel hakuelewa. Alikuwa ametarajia kupokelewa. Si alikuwa analeta maji? Kisimba akaketi kwenye tofali akamweleza, taratibu, kwa sababu ya kifua chake. Ili kukaa sité ilikuwa lazima uwe na ruhusa iliyoandikwa katika buku lako la utambulisho, na wengi wa huku hawakuwa nayo. Wengine waliondoka vijijini bila shefu wao kujua. Wengine walitoroka kazi. Mwanamume akiandikwa analipa kodi ya kichwa. Mwanamke anayeishi peke yake ana kodi yake pia. Kwa hiyo daftari lile mikononi mwa Gamaliel, wao hawakuliona kama maji.

Siku ya tatu walimkuta mwanamke ambaye hakujificha. Aliitwa Kabedi, mjane, Mkatoliki wa familia ya wakulima upande wa Kinda, aliyefua nguo za waashi wa Base. Alikuwa ametoka mtoni na ndoo, mguu mmoja ukiwa umelowa. Kiangazi kile mto ulikuwa umebaki mkanda wa tope. Ndoo moja ilihitaji kuchotwa kwa kikombe. Alimsikiliza Gamaliel mpaka mwisho, ndoo ikiwa bado kichwani, kisha akaitua.

"Weye unaniandika. Sawa," alisema. "Nani njo atasoma?"

Gamaliel alifunga daftari. Angeweza kusema Leta, angeweza kusema Élisabethville. Lakini swali lile lilikuwa la aina yake mwenyewe, aina ya lile la chaki, na aliliheshimu.

"Sijue, mama," alisema. "Nitauliza."

Akauliza. Safari hii ajenti hakufurahi. Alisema kitabu cha wakazi ni kimoja. Yeye atakisoma, mtoza kodi atakisoma, polisi wakitaka watakisoma. Lakini yeye alikuwa na uwezo wa kutoa ruhusa za muda, na angetoa kwa kila mtu mwenye barua ya kazi au mwenye wadhamini wawili wanaojulikana. Kodi ya wanawake hakuweza kuifuta. Ilikuwa mstari katika bajeti, Gamaliel mwenyewe alikuwa ameutafsiri.

Usiku ule Gamaliel na Noémie walizungumza. Hofu ya Gamaliel haikuwa ndogo. Akisema ukweli wote, watu wangekimbia na hesabu ingeshindikana. Akificha, wangeandikwa, maji yangekuja, na siku moja polisi angemgongea mtu mlango kwa sababu ya mwandiko wake yeye. Noémie alimwuliza kama alikuwa anataka kwenda tena kununua sombe ng'ambo ya reli baada ya hapo. Alisema ndiyo. Basi, akasema Noémie, jibu unalo.

Alirudi kwa Kabedi. Majirani walikuwa wamesimama nyuma ya nyua zao, wakisikiliza bila kujionyesha.

"Nilimuuliza ajenti," Gamaliel alisema. "Atasoma yeye. Atasoma mwenye kulipisha kodi. Polisi akitaka, atasoma. Ruhusa anaweza kupana, kama uko na babili ba kukusimamia. Kodi ya banamuke, hapana, hataitosha."

"Na mayi?"

"Bila bantu mia tano mu kitabu, hakuna robine. Na kama beko, inaweza kukuya. Siku, sijue."

Kabedi aliuliza kodi ni kiasi gani. Alipoambiwa, alihesabu kwa vidole. Hesabu yake aliisema wazi baadaye: kila siku alikwenda mtoni mara nne, nusu ya siku ikaisha njiani, na kwa nusu hiyo angeweza kufua nguo za waashi wengine watatu. Kodi ya mwaka mzima ilikuwa sawa na kufua kwa wiki mbili.

"Andika," alisema. "Kabedi. Bibi ya marehemu Kalombo. Batoto batatu. Andika muzuri, usikosee jina."

Kisimba alijitoa kuwa mdhamini wake wa kwanza. Wa pili alikuwa Gamaliel. Wakati wanaweka majina, mlango wa jirani ulifunguka.

Hawakuja wote. Amédée, mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, alikuwa ameacha mkataba wa machimbo kule Luena kabla haujaisha, na hakuna wadhamini ambao wangemsafishia hilo. Alimshukuru Gamaliel kwa Kiluba, "wafwako," kwa sababu alimwambia mapema. Kesho yake nyumba yake ilikuwa tupu; aling'oa hata mlango akauchukua. Nyumba kama thelathini zilifungwa hivyo kabla ya mwisho wa mwezi. Gamaliel aliziandika pia, kwa penseli, ukurasa wa mwisho: tupu, tupu, tupu. Kisimba alimwuliza kwa nini anaandika nyumba zisizo na mtu. Alisema alitaka kujua hesabu ile imegharimu nini, na hakukuwa na mstari wa kitu hicho katika kurasa kumi na moja.

Siku ya ishirini na sita ya mwezi wa tisa walifunga daftari. Vichwa vilikuwa elfu moja na themanini na sita. Gamaliel alipiga upya ukurasa wa fungu la Leta na ukurasa wa mabomba, robine mbili kwa ng'ambo ya reli, na safari hii alisoma kila mstari aliopiga. Ajenti akatia sahihi, Shefu Maurice akatia sahihi, washauri wanane wakaweka alama zao, na bahasha ikapanda gari la moshi la Élisabethville.

Kisha ikawa kungoja. Mvua zilianza, mto ukajaa, watu wakasahau kidogo. Gamaliel hakusahau. Alitaka kujua bahasha inafika kwa nani, anaiweka meza gani, anafanya nini akikuta mtaa uliokuwa na watu sitini na watatu sasa una elfu moja. Ajenti alimwambia kwamba huko kuna karani pia, na kwamba karani huyo huenda anapiga mashini bila kusoma. Alisema kwa utani, lakini jambo hilo lilimsumbua Gamaliel siku kadhaa.

Jibu lilifika mwezi wa pili wa 1952. Fungu la Leta lilikuwa limeongezwa. Kati ya robine mbili, moja ilikubaliwa, nyingine itaangaliwa mwaka ujao. Na kulikuwa na mstari ambao hakuna mtu wa Kamina aliyeuomba: kituo cha polisi kwa ng'ambo ya reli, kwa kuwa mtaa wenye watu zaidi ya elfu moja ulihitaji ulinzi.

Kituo kilijengwa kwanza, mwezi wa nne, tofali za kuchoma na bati. Bomba lilikuja mwezi wa saba. Katika miezi ile mitatu Gamaliel alipita ng'ambo ya reli mara chache, na alipopita hakusalimiwa na wote. Mzee mmoja alitema mate. Kisimba alimwambia asijifiche, na akaenda naye Jumapili moja mpaka mlangoni kwa kituo, akamwuliza polisi mbele ya watu kama ruhusa za muda zilizosainiwa na ajenti zinaheshimiwa. Polisi alisema zinaheshimiwa. Kisimba akamwomba aseme tena kwa sauti. Akasema tena.

Siku ya kufungua maji hakukuwa na sherehe. Fundi mmoja alizungusha ufunguo mkubwa chini ya ardhi, robine ikakohoa hewa, ikatoa maji mekundu, kisha meupe. Kabedi alikuwa wa nne katika mstari. Alijaza ndoo mbili, akaonja kwa kiganja, akasema maji yana ladha ya chuma. Kufikia mwezi wa kumi alikuwa anafua nguo za waashi watano zaidi na kamba zake zilivuka njia mpaka ua wa jirani.

Mkutano wa bajeti wa mwaka ule ulichukua siku mbili. Washauri waliuliza kuhusu taa, kuhusu mkunga wa pili, kuhusu kwa nini mfagiaji wa soko hupata zaidi ya mfagiaji wa barabara. Ajenti mwenye miwani alikuwa amehamishwa, na aliyemfuata hakupenda mambo haya, lakini alikuta Kiswahili kimeshakuwa desturi na hakuthubutu kukirudisha nyuma. Gamaliel aliendelea kutafsiri. Robine ya pili ilipatikana mwaka 1954, baada ya kuandikwa mara tatu.

Kisimba hakuiona, kifua kilimchukua mvua za 1953. Watu wa ng'ambo ya reli ndio waliobeba jeneza, na polisi wa kituo kile alivua kofia wakipita.

Kabedi na Noémie walifahamiana kwa njia ya kushona. Siku moja, akisubiri shati lililotiwa kiraka, Kabedi alimwambia Gamaliel kwamba robine hufungwa saa sita mchana na kufunguliwa saa tisa, na kwamba mwenye funguo husema ni amri. Amri ya nani, hakuna aliyemjua.

Gamaliel alisema hakujua. Jumatatu, kabla ya kufunika mashini yake, alikwenda kuuliza.